Umri wa Mkanda Hausomwi Katika Mita

Wako watakaoshangaa kuliona jarida la sayansi likitumia kurasa zake kuuzungumzia mkanda wa mpira uliomo ndani ya gari kuukuu. Wangependelea tuandike habari za nyota au za kiini cha atomu. Nami nasema kwamba mwanafunzi wa Kidato cha Tatu wa mjini Tanga hupishana na mkanda huo mara nyingi kila siku aendapo shule, ilhali nyota huziona usiku tu, tena mawingu ya masika yakimruhusu. Isitoshe, nyota hazijapata kumfilisi mtu. Mkanda huu umewafilisi wengi, na mmoja wao ni mimi.

Mkanda ninaousemea ni ule ambao mafundi wetu huuita taimingi belti. Usichanganywe na feni belti, ule uonekanao mara tu boneti ifunguliwapo na ambao ukikatika gari huchemsha maji. Mkanda wa taimingi umefichwa nyuma ya kifuniko, upande wa mbele wa injini, na mwenye gari aweza kulimiliki gari lake miaka kumi asiuone hata siku moja.

Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Muheza, Korogwe na Pangani wanaikumbuka mikanda ya korona: mikanda bapa, mipana, iliyochukua nguvu kutoka kwenye injini na kuipeleka kwenye mashine za kuchambulia majani. Mkanda wa namna hiyo huvuta kwa msuguano. Mzigo ukizidi, mkanda huteleza, mashine hupunguza mwendo, msimamizi hupiga kelele, na baada ya kuukaza kazi huendelea. Kuteleza kwake ni namna ya usalama. Mkanda wa taimingi haukuruhusiwa kuteleza hata kidogo, na ndiyo sababu umepewa meno. Kazi yake ya kwanza si kupeleka nguvu; ni kupeleka wakati.

Katika injini ya mapigo manne, krenkishafti huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa kamshafti. Kwa hiyo gurudumu la kamshafti lina meno maradufu ya lile la krenkishafti, na mkanda huyafungamanisha yote mawili yasitengane. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, mwendo wa kawaida kabisa katika barabara ya Segera, kila valvu hufunguka na kufungwa mara 25 katika sekunde moja. Mwalimu na awaachie wanafunzi wakokotoe wenyewe hesabu ifuatayo: gari liendalo kilomita 80 kwa saa, injini yake ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, litakuwa limeizungusha krenkishafti mara 187,500,000 litakapotimiza kilomita 100,000. Hakuna mzunguko hata mmoja kati ya hiyo ambao mkanda ulipumzika.

Sasa, nini hutokea ukikatika? Jibu limo katika jiometri. Tuchukue injini ya dizeli ambayo pistoni yake husafiri milimita 100, na ambayo hubana hewa kwa uwiano wa 22 kwa 1. Pistoni ifikapo kileleni, nafasi inayobaki juu yake, kama ingetandazwa sawasawa, ingekuwa na kimo cha 100 kugawanywa kwa 21, yaani pungufu ya milimita 5. Na hata hizo hazibaki zote, maana katika dizeli nyingi za zamani sehemu kubwa ya nafasi hiyo imo katika kijichumba cha pembeni ambamo mafuta huwakia. Valvu nayo ifungukapo hushuka milimita 8 au zaidi. Maadamu mkanda ni mzima, valvu huwa imekwisha kupanda kabla pistoni haijafika. Mkanda ukikatika, kamshafti husimama na baadhi ya valvu zikiwa chini, wakati krenkishafti, kwa uzito na kasi yake, ingali ikizipandisha pistoni. Vyuma viwili hutaka kukaa mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Injini za petroli, ambazo kwa kawaida uwiano wake haufiki nusu ya huo, zinaweza kusalimika. Ile ya 3S-FE, iliyomo katika RAV4 za mwanzo, ikikatikiwa na mkanda husimama tu; ukifungwa mwingine safari huendelea. Lakini Hiace na Hilux zenye injini za 2L, 3L na 5L, na Land Cruiser za 1HZ, yaani magari yabebayo abiria, samaki, mbao na wagonjwa katika mkoa wetu, ni dizeli, na zote hutumia mkanda. Vitz, IST na Corolla zenye injini ya 1NZ-FE hutumia cheni, ambayo ikipata oili safi kwa wakati wake haihitaji kubadilishwa kwa ratiba. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi lisiwe rangi ya gari wala redio yake. Liwe hili: injini hii ni ya mkanda au ya cheni?

Magari ya zamani zaidi hayakuwa na tatizo hili, kwa kuwa yalitumia cheni au gia za chuma. Mwaka 1962 kiwanda cha Glas cha Ujerumani kilianza kuuza gari dogo, Glas 1004, ambalo kamshafti yake ilizungushwa kwa mkanda wa mpira wenye meno, na baada yake viwanda vingi vikafuata. Mkanda ulikuwa mwepesi, rahisi kuutengeneza, usio na kelele na usiohitaji oili. Sina ugomvi na uamuzi huo. Ila tuelewe kwamba siku hiyo sehemu muhimu ya injini iliacha kuwa chuma ikawa mpira, na mpira una tabia ambayo chuma hakina: huzeeka hata ukikaa bure.

Watu wa Muheza wanaujua mpira. Wajerumani waliupanda katika sehemu hizo mwanzoni mwa karne ya 20, biashara hiyo ikaanguka mwaka 1913 kwa ushindani wa mpira wa Asia, na baadaye mashamba mengine yakapandwa Kihuhwi. Lakini utomvu wa mti peke yake haungefaa kwa kazi hii, maana oili huuharibu upesi. Mikanda ya taimingi ilitengenezwa kwa mpira wa viwandani uitwao kloropreni, na siku hizi kwa aina bora zaidi zistahimilizo joto. Ndani yake mmepitishwa nyuzi za kioo ili usirefuke, na meno yamevikwa kitambaa cha nailoni. Mpira huo ni minyororo mirefu ya molekuli iliyofungwa pamoja hapa na pale. Oksijeni na joto huzidi kuongeza vifungo hivyo mwaka hata mwaka, mpira ukawa mgumu, kisha ukapasuka mahali unapokunjwa, yaani kwenye mashina ya meno. Walimu wa kemia watakumbuka kanuni ya makadirio isemayo kwamba joto likiongezeka nyuzi 10, kasi ya mabadiliko mengi ya kikemikali huwa takriban maradufu.

Sitaki kutia chumvi. Injini inayotembea hudhibitiwa joto lake na themostati, iwe Tanga au Japani, kwa hiyo tofauti ya hali ya hewa si kubwa kama mtu anavyoweza kudhani. Lakini gari halitembei mchana na usiku. Saa nyingi limesimama, na gari lililolala katika theluji halizeeki sawa na lililosimama juani kwenye stendi mwezi wa Februari. Chumvi ya bahari, ambayo wengi huisingizia, haiutendi mpira jambo kubwa. Hula beringi ya kukazia mkanda na springi yake, ambazo zikikwama mkanda huondoka nazo.

Nirudi kwenye habari yangu. Mwaka 2015, baada ya kustaafu ualimu, nilitumia sehemu kubwa ya kiinua mgongo changu kununua gari dogo la mizigo la dizeli, nikusudie kuchukua machungwa kutoka Muheza na kuyaleta mjini. Aliyeniuzia sina haja ya kumtaja. Mita ilionyesha kilomita 118,000. Nilimwuliza fundi kuhusu mkanda, naye, kijana mwema aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu, akanijibu, "Mwalimu, haujakatika; wa nini kuuchokoza?" Nikacheka. Mimi niliyeichora kamshafti ubaoni kwa zaidi ya miaka 20 niliridhika na jibu hilo kwa kuwa lilikuwa rahisi.

Mwezi wa Julai mwaka 2018, nikiwa nimekwisha kupita Pongwe na shehena ya machungwa, injini ilizima. Haikupiga kelele, haikutoa moshi. Nilipozungusha ufunguo, stata iliizungusha injini kwa wepesi usio wa kawaida, bila ule mhemo wa dizeli inayobana hewa. Nami nikazungusha tena, na tena, nisijue kwamba kila nilipozungusha nilikuwa nikizigonga upya valvu zilizokwisha kupinda. Anayeusikia wepesi huo na auondoe mkono wake kwenye ufunguo papo hapo. Machungwa yaliuzwa kando ya barabara kwa bei ya aibu. Silinda hedi ilipofunguliwa, valvu zote isipokuwa mbili zilikuwa zimepinda, na pistoni moja ilikuwa imetoboka. Gharama ya matengenezo ilinilazimu kukiuza kiwanja.

Jambo lililoniuma zaidi si hilo. Fundi alipokuwa akikisafisha kifuniko cha mkanda kwa petroli, chini ya utando wa oili na vumbi ilitokea karatasi ndogo ya kubandika yenye maandishi ya Kijapani, herufi H, namba 17 na namba 92,400. Mwanzoni nilidhani 17 ni tarehe ya mwezi. Kijana mmoja pale gereji, aliyepata kufanya kazi ya kupokea magari bandarini, ndiye aliyenifumbua macho: Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao. Enzi ya Heisei ilianza mwaka 1989, kwa hiyo mwaka wowote wa Heisei ukiongezewa 1988 hutoa mwaka wetu. Heisei 17 ni 2005. Enzi ya Reiwa ilianza Mei 2019, nayo huongezewa 2018. Fundi wa huko, asiyenijua wala nisiyemjua, alikuwa ameniandikia kwamba mkanda huu ulifungwa mwaka 2005 gari likiwa na kilomita 92,400. Barua hiyo ilikaa ndani ya gari langu miaka mitatu bila kusomwa.

Ndugu msomaji na apige hesabu. Gari lilikatikia kilomita 151,000 na ushei. Mkanda ulikuwa umetembea chini ya kilomita 59,000, wakati kipimo cha kawaida kwa injini ile ni 100,000. Kwa mita, ulikuwa umebakiwa na zaidi ya theluthi moja ya maisha yake. Kwa kalenda, ulikuwa na umri wa miaka 13. Najua kwamba mfano mmoja hauthibitishi kanuni, na ni kweli pia kwamba sili ya kamshafti ilikuwa ikivuja oili, ambayo huulainisha na kuuvimbisha mpira. Lakini sili ile nayo ni mpira, nayo ilikuwa na umri uleule.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi, na pia na wenye magari wanaojiona waangalifu. Baadhi ya magari ya Toyota ya dizeli yana taa katika dashibodi iliyoandikwa T-BELT, nayo huwaka kilomita zitimiapo 100,000, au 150,000 kwa baadhi yake. Wengi huiamini kama mnajimu. Taa hiyo imeunganishwa na mita ya kilomita basi. Haina jicho la kuuona mkanda, haihesabu miaka, na anayetaka kuuza gari aweza kuizima kwa dakika chache bila kugusa hata skrubu moja ya kifuniko. Mita yenyewe hurudishwa nyuma na watu wasio waaminifu.

Wengine husema, basi tuufungue mkanda tuuangalie. Ni vizuri kuuangalia. Mara nyingi kifuniko cha juu hufunguka kwa spana namba 10, na kwa tochi huonekana mengi: mipasuko mgongoni, meno yaliyong'oka, kingo zilizochanika, mng'ao kama wa kioo juu ya mpira uliokauka, au oili. Ukiona hata dalili moja kati ya hizo, shauri limekwisha. Taabu ni pale usipoona kitu. Mpasuko wa hatari huanzia kwenye mashina ya meno, upande wa ndani, na nyuzi za kioo zinazokatika moja moja katikati ya mpira hazionekani kwa jicho lolote. Ukaguzi waweza kuuhukumu mkanda kuwa mbovu. Hauwezi kuuthibitisha kuwa mzima. Wanafunzi wa sayansi hawapaswi kushangazwa na hilo, kwani vipimo vingi ndivyo vilivyo.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: anunuaye gari lililokwisha kutumika lenye injini ya mkanda, asiyepewa maandishi yanayoonyesha tarehe ya mkanda huo, na auhesabu kuwa una umri sawa na gari lenyewe. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa katika kadi ya gari. Majirani zetu wa Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Sisi tunaruhusu, kwa kulitoza ushuru wa ziada. Ndiyo kusema kwamba ng'ambo hii ya Horohoro shauri la umri wa mpira linatuhusu sisi zaidi. Mkanda ubadilishwe kabla gari halijapewa kazi ya kwanza, pamoja na beringi za kukazia, sili zilizo nyuma yake, na pampu ya maji ikiwa inazungushwa na mkanda huohuo. Nimekwisha kusikia pingamizi kwamba hiyo ni fedha nyingi kwa mtu aliyetoka kununua gari. Ni kweli, ni nyingi. Mwenye kiwanja cha kuuza baadaye na asubiri.

Kazi yenyewe inataka utulivu kuliko nguvu. Alama za magurudumu hupangwa kabla mkanda wa zamani haujatolewa. Mpya haukunjwi wala haupindwi, kwa sababu nyuzi za kioo huvunjika zikipindwa sana, na hapa niwaombe wauza vipuri waache kuining'iniza mikanda misumarini na kuifunga mafundo kama kamba za katani. Baada ya kuufunga, krenkishafti huzungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili, kwa upande wake wa kawaida, kisha alama hutazamwa upya. Kwa nini miwili? Aliyesoma vizuri aya za juu anajua. Kifuniko nacho kirudishwe. Nimeona magari yasiyohesabika ambayo kifuniko kilibaki gereji, ati fundi apate wepesi safari ijayo. Mchanga na kokoto ndogo hazimngojei.

Mwisho wa kazi, tarehe na kilomita ziandikwe. Hili ndilo hatulifanyi. Mafundi wetu wa chini ya miembe wana mikono inayoweza kushindana na ya fundi yeyote duniani, lakini kazi yao hupotea gari linapoondoka, kwa kuwa haikuandikwa popote. Gari likiuzwa mara tatu, mwenye gari wa nne huanza ujinga upya. Karatasi iliyobandikwa mwaka 2005 ilidumu katika joto na oili miaka 13, na namba zake zilisomeka. Katika hati ya mauziano ya gari, ambayo watu huiandika mbele ya mashahidi kwa uangalifu mkubwa hata hali ya matairi ikatajwa, ingetosha kuongezwa mstari mmoja. Na yule aliyebahatika kukuta karatasi ya Kijapani asiibandue wala asiiruhusu ioshwe. Aipige picha, maana simu za siku hizi zina programu za kusoma maandishi hayo, na mara nyingine itakuwa ni ya kubadilisha oili, si ya mkanda.

Walimu wa fizikia wanaweza kuligeuza somo hili kuwa la saa mbili, hata bila gari. Magurudumu mawili ya mbao yaliyokatwa meno, moja maradufu ya jingine, na kamba yenye mafundo, vyatosha kuonyesha uwiano wa 2 kwa 1 na nini hutokea kamba ikiruka jino moja. Penye karakana ya ufundi, kama ilivyo katika Shule ya Sekondari ya Ufundi Tanga, lifanyike juu ya injini yenyewe.

Mwaka 2023 niliubadilisha tena mkanda wa gari langu, ukiwa na miaka mitano na kilomita 41,000. Nimeupeleka katika shule niliyofundisha, pamoja na ule uliokatika, na imetundikwa yote miwili maabara. Ule wa kwanza kila mwanafunzi huuona ubovu wake. Wa pili haonyeshi mtu lolote. Nimewapa na mpya wa kuulinganisha, wakaupinda, wakaunusa, wakakosa jibu. Fundi wangu aliponikabidhi aliugeuzageuza mkononi kwa huruma, akasema, "Mwalimu, huu ungekwenda miaka mingine mitatu." Huenda ni kweli. Lakini ulikuwa msimu wa machungwa.